Butembo: Maji yanayoingia ndani ya pikapu, hasara inayoanzia chini ya zulia

Mvua ikinyesha kwenye barabara ya Kasindi–Beni–Butembo, dereva wa pikapu huangalia tope mbele yake na mzigo nyuma yake. Mara chache huangalia chini ya miguu yake. Lakini pale chini ya zulia ndipo gari nyingi huanza kuharibika. Maji yanaingia kidogo kidogo, zulia halikauki, na chuma kinaoza kwa ndani wakati rangi ya nje ingali inang'aa.

Kwa familia nyingi za Kivu ya Kaskazini, pikapu si gari ya kutembelea tu. Inalipa masomo ya watoto na kodi ya nyumba. Toyota Hilux, Land Cruiser au Mitsubishi L200 moja inabeba kakao ya Beni, kahawa, viazi, saruji na hata abiria. Nyingi zimetumika kwanza ng'ambo, zikashukia bandari ya Mombasa, zikapita Uganda hadi mpaka wa Kasindi. Mnunuzi huwasha injini, husikiliza sauti yake, hutazama magurudumu. Kuhusu karoseri, anaiamini rangi. Hapo ndipo wengi wanapoteza pesa.

Maji huingilia juu, huonekana chini

Kosa la kwanza ni kutafuta tundu pale maji yanapoonekana. Zulia likilowa upande wa abiria, wengi hukimbilia kuziba sakafu. Mara nyingi sakafu haina kosa: maji yameingilia mbali, yakafuata ukuta wa ndani, yakatua chini.

Njia ya kawaida ni chini ya kioo cha mbele, mahali penye vipanguzio. Pale kuna nafasi inayopokea hewa ya kabini, na pembeni yake kuna mifereji midogo ya kutoa maji. Gari inayolala chini ya mti hujaza majani pale. Mifereji ikiziba, maji yanapanda hadi kwenye njia ya hewa na kumwagikia miguu ya abiria. Dawa yake ni kutoa majani kwa mkono na kupitisha maji. Haihitaji pesa.

Mlango nao una siri yake. Maji hupita kila siku kati ya kioo na mpira wake, na hilo si kosa. Yanapaswa kushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Tope likiviziba, mlango unageuka pipa na kuoza kuanzia chini. Tena, nyuma ya pambo la mlango kuna nailoni inayozuia maji yasiingie kabini. Mtu anayeweka spika za redio au kutengeneza kioo huipasua, kisha harudishi vizuri. Mvua inayofuata inaingia ndani.

Kwa pikapu zenye taa ya tatu ya breki nyuma ya kabini, mpira wa taa hiyo hukauka kwa jua. Maji yanashuka ndani ya ukuta wa nyuma hadi chini ya viti. Matundu yaliyotobolewa kwenye paa kwa ajili ya antena au chuma cha kubebea mizigo yanaleta shida ileile. Kwa Land Cruiser za zamani, mfereji unaozunguka paa na pembe za chini za kioo cha mbele ni sehemu za kuchunguza kwanza.

Maji hayo hayaharibu bati peke yake. Katika gari nyingi, fuzi na nyaya, na mara nyingine kompyuta ya injini, ziko chini ya dashibodi. Gari inayozimika ovyo wakati wa mvua inaweza kupelekwa kwa fundi wa umeme mara tatu, kumbe ugonjwa wake ni mpira uliokauka.

Chumvi ya samaki na ya Katwe

Nyuma, kwenye sanduku la mzigo, adui mkubwa ni chumvi. Samaki wa chumvi wa Ziwa Edward na chumvi ya Katwe inayovuka kutoka Uganda huacha unyevu unaopenya kwenye mikunjo ya bati. Chuma chenye chumvi huendelea kuvuta unyevu hata siku ya jua. Pikapu iliyobeba mzigo huo inapaswa kuoshwa kwa maji mengi siku ileile, juu na chini, hasa mahali tope linapokusanyika kati ya kabini na sanduku.

Kwa wakaaji wa Goma, kuna jambo lingine. Gesi za volkano Nyiragongo huchanganyika na mvua na kuifanya kuwa na asidi, ndiyo maana mabati ya nyumba huko yanaoza upesi. Bati la gari lililochunika rangi kwa mawe ya barabarani linapata mateso hayohayo.

Shasi ikioza, si suala la urembo tena

Sakafu yenye tundu ni hasara. Shasi iliyooza ni hatari ya kifo. Ndiyo inayobeba injini, mzigo na watu, na bomba za breki hupita juu yake. Pakioza mahali springi za nyuma zinaposhikwa, gari inaweza kukatika ikiwa na mzigo.

Hata viwanda vikubwa vimekutana na shida hii. Mwaka 2008, Toyota ilitangaza nchini Marekani kwamba itarefusha hadi miaka 15 dhamana ya kutu ya shasi kwa pikapu Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000. Zilizooza sana ilizinunua kwa asilimia 150 ya thamani yake. Mwaka 2016, bila kukiri kosa, ilifanya mapatano mengine mahakamani kuhusu gari karibu milioni 1.5 za aina ya Tacoma, Tundra na Sequoia, yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Anayenunua gari iliyotumika Butembo hana dhamana ya namna hiyo. Dhamana yake ni macho yake.

Kabla ya kulipa

Kuna vipimo vinavyoweza kufanyika bila mashine. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hupitishwa juu ya karoseri: isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki nene. Nyundo ndogo hugongwa taratibu kwenye shasi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito. Zulia linainuliwa na kuguswa kwa mkono, hata kama muuzaji hapendi. Harufu ya uvundo ndani ya kabini, au manukato mengi kupita kiasi, ni sababu ya kuuliza maswali.

Kutafuta tundu kunahitaji watu wawili. Mmoja anabaki ndani na taa ya mkono, mwingine anamwaga maji nje bila nguvu, akianzia chini na kupanda polepole. Kila sehemu inapewa dakika kadhaa. Anayeanzia paa hatajua maji yamepita wapi.

Tundu likipatikana, linazibwa kwanza. Baadaye ndipo kutu inakwanguliwa hadi chuma safi, bati bovu linakatwa, jipya linachomelewa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Betri iondolewe kabla ya kuchomelea, ili kompyuta isiungue. Mastiki juu ya kutu inaficha tu: baada ya misimu michache ya mvua inapasuka, na tundu la chini yake limekuwa kubwa zaidi.

Kwa mwenye pikapu tayari, kazi ya kwanza kabla ya mvua kurudi ni kuinua zulia na kuligusa.