Mgeni, Kibarua na Mwanagenzi: Nafasi ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katika Kampuni Impokeayo

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya hutoka madarasani wakaenda katika makampuni, viwanda na vyumba vya habari ili kujizoeza kazi. Mwanafunzi wa Kiswahili naye yumo katika msafara huo: huenda kwa wachapishaji wa vitabu, katika vituo vya redio na katika ofisi za tafsiri. Makala haya yanakusudia kuyachunguza majina matatu yanayoweza kumhusu mtu wa namna hiyo, yaani mgeni, kibarua na mwanagenzi. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba kampuni ikimweka mwanafunzi mahali pa jina lisilomfaa, atarudi chuoni na karatasi yenye muhuri bila ya ujuzi.

Asili ya Mpango

Mpango wa kuunganisha masomo ya chuo kikuu na kazi za viwanda huhesabiwa kuwa ulianza mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, nchini Marekani. Mwanzilishi wake, Herman Schneider, aliwapokeza wanafunzi wa uhandisi darasa na karakana kwa zamu. Nchini Kenya mafunzo ya kazi yana sheria yake, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2011 yaliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kwa mujibu wa utaratibu huo, mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi ili kuchangia hazina ya mafunzo.

Hata hivyo, maana yenyewe si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Useremala, uhunzi, ushoni na uundaji wa vyombo vya bahari vilifunzwa kwa kumweka kijana chini ya fundi. Katika matumizi hayo, fundi si mtenda kazi tu, bali ni mtu awezaye kumtoa mwingine akawa fundi kama yeye. Mafunzo yalipokamilika, fundi alipewa kilemba, yaani zawadi ya kumshukuru kwa ujuzi aliourithisha. Kwa hiyo neno mwanagenzi halisimami peke yake. Palipo na mwanagenzi lazima pawe na fundi.

Mgeni

Methali yasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Makampuni mengi huishika nusu ya kwanza ya methali hii na kuiacha ya pili. Mwanafunzi hukaribishwa vizuri, huonyeshwa kiti na kutembezwa ofisini, kisha hukaa wiki nyingi akisoma magazeti na kupeleka bahasha. Si kwamba wenyeji ni wabaya. Wanaogopa kwamba atawaharibia kazi. Lakini jembe la methali si adhabu. Ni alama kwamba mtu ameingizwa katika watu wa nyumba ile.

Kibarua

Neno kibarua, kwa asili, ni barua ndogo. Lilitumika kwa cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili apate ujira wake, kisha likahamia kwa mtu mwenyewe. Mwanafunzi naye huja na barua mkononi, barua ya chuo. Pengine hupewa kazi tele: kupiga chapa mswada mzima au kusahihisha prufu tangu asubuhi hadi jioni. Kazi huwa nyingi, lakini hakuna amwelezaye kwa nini sahihisho hili lilikubaliwa na lile likakataliwa. Kibarua wa kweli alipata ujira. Huyu mara nyingi hapati ujira wala elimu.

Mwanagenzi

Ama kuhusu mwanagenzi, kipimo chake ni kuwapo kwa fundi anayejulikana kwa jina. Tuchukue mfano wa mchapishaji wa vitabu. Mhariri humpa mwanafunzi kurasa mbili za mswada, naye huzisahihisha peke yake. Kisha wawili hao huketi wakalinganisha. Mwanafunzi ameacha ngoa mahali palipotakiwa ng'oa. Kwa kukosekana kwa ritifaa moja, mkulima wa hadithi hang'oi tena muhogo, na maneno yamekuwa ya wivu. Darasani kosa hilo lingempunguzia alama moja. Hapa anaambiwa kwamba lingechapishwa katika maelfu ya nakala na kusomwa na watoto wa shule. Kuanzia hapo huisoma kila herufi kwa jicho jingine, na wiki ifuatayo hupewa sura nzima.

Ni vizuri vilevile kuchunga mipaka ya neno hili. Katika mizozo ya mwaka 2024, magazeti ya Kiswahili yaliandika juu ya madaktari wanagenzi na walimu wanagenzi. Watu hao walikuwa wamekwisha kuhitimu, na walidai kwamba wanafanya kazi kamili kwa malipo yasiyolingana nayo. Neno lenye heshima likitumiwa kupunguza ujira huchakaa, na mwisho wake mwanafunzi halisi huonekana kuwa mtu wa kutumiwa tu.

Gharama ya Fundi

Swali gumu ni hili: nani atatoa kilemba? Saa ambayo mhariri huketi na mwanafunzi ni saa aliyoiondoa katika kazi yake. Mwaka 2015 sheria ya fedha ilileta nafuu ya kodi kwa mwajiri aliyewapokea wahitimu wa vyuo vikuu wasiopungua 10 kwa muda wa miezi 6 hadi 12. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini mwanafunzi ambaye bado hajahitimu hakumo humo, na kampuni ndogo ya uchapishaji haina nafasi ya kuwapokea 10. Kwa hiyo idara za lugha hazina budi kutoa kilemba chao kwa njia nyingine: kumpeleka mwanafunzi aliyekwisha kufunzwa tahajia na alama za uandishi, kumtuma mhadhiri aketi na fundi badala ya kutia sahihi na kuondoka, na kuuliza mapema ni nani atakayemfunza.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kumpokea mwanafunzi si kumpa kiti, wala si kumpa mzigo. Ni kumpa fundi. Mkataba kati ya chuo na kampuni waweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwani Katiba ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Katika mkataba huo, mstari wa kwanza baada ya jina la mwanagenzi uwe ni jina la fundi wake. Mstari huo ukiachwa wazi, afadhali mwanafunzi asipelekwe.