Mbwa Bila Kamba Jijini New York

Jijini New York, mbwa hufunguliwa kamba katika sehemu za aina mbili. Kuna viwanja vyenye uzio, kama kile cha Tompkins Square Park kilichofunguliwa mwaka 1990. Kuna pia nyasi za wazi za Central Park na Prospect Park, ambako ruhusa hutolewa asubuhi hadi saa 3, kisha kuanzia saa 3 usiku hadi bustani ifungwe. Leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima.

Kiwanja kizuri hutambulika langoni: milango miwili inayofuatana, ili mbwa asichopoke mmoja unapofunguliwa. Ua wa pekee wa mbwa wadogo ni muhimu mno, maana hawa huumia hata mchezoni. Maji na kivuli visikosekane.