Je, Wajua? Kenya Haina Msimu wa Kuwinda, na Bado Bongo Wanaisha

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo bongo wa milimani, mnyama wa jamii moja na kulungu na pofu, mwenye rangi ya hudhurungi na mistari myeupe ubavuni, amezidi kuadimika katika Msitu wa Mau, juu ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Waliobaki porini nchi nzima wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Basi bunduki yenye leseni si mshtakiwa mkuu. Mtego wa waya hausubiri msimu wala haumbagui jike mwenye mimba, na msitu wenyewe umemegwa: mwaka 2001 serikali iliondoa maelfu ya hekta za Mau kwenye hifadhi ili watu wagawiwe.

Wapo wanaosema uwindaji wa kulipia, kama wa Tanzania, ungempa mnyama thamani. Hoja hiyo ina uzito penye nyati wengi na pori pana. Wanyama wachache waliotawanyika katika vipande vya msitu hawana wa ziada wa kuuzwa. Wengine huwalaumu Waogiek, wawindaji na warina asali wa Mau. Lakini wao waliishi na bongo vizazi na vizazi kabla msumeno haujafika. Nao ukanda wa chai wa Nyayo, uliobuniwa mwaka 1986 kuwa kizuizi cha msitu, huzuia jembe zaidi ya unavyozuia mtu mwenye waya mfukoni.