Kofia ya Viua Mbele ya Walimwengu

Kofia ya viua haishonwi kwa haraka, wala haijapata kushonwa kwa haraka tangu watu wa mwambao walipoanza kuivaa. Huanza kwa vipande viwili vya bafta nyeupe, kimoja cha duara kitakachokuwa utosi wa kofia na kingine kirefu kitakachozunguka kichwa, kila kimoja cha tabaka mbili. Juu yake huchorwa nakshi kwa kalamu, na nakshi hiyo hufuatwa kwa sindano, kiua baada ya kiua, kila kimoja kikitobolewa na kuzungushiwa uzi hata kikawa tundu dogo lenye ukingo imara, na baina ya matundu hayo uzi hushindiliwa hata kitambaa kikawa kigumu, kikafanya matuta yanayohisika kwa kidole. Kazi ikimalizika kofia hufuliwa, hutiwa kanji, kisha huvikwa faroma ikauke katika umbo lake. Mwanamke mwenye nyumba na watoto, ambaye hushika sindano baada ya kuepua chungu cha mchana na kuiweka adhana ya magharibi ikikaribia, aweza kutumia miezi miwili au mitatu kwa kofia moja, na nakshi ikiwa ya kusongamana, zaidi ya hapo.

Kazi hiyo ya miezi leo hutazamwa na walimwengu kwa muda mfupi mno. Picha yake hupigwa kwa simu, hutiwa katika Instagram au katika WhatsApp, kidole cha mtazamaji hupita juu yake kikielekea picha nyingine, na mshonaji, ambaye hajapata kumwona mtazamaji huyo wala kusikia sauti yake, hubaki akihesabu alama za kupendwa ili ajue kama kazi yake ni njema. Jambo ninalotaka kulitazama hapa ni la mshonaji huyo, na la kila fundi wa mkono aliye katika hali yake, awe msuka mikeka wa Pemba, mchonga mbao wa Lamu au mchora hina wa Mombasa: vipi ataionyesha kazi yake kwa hadhara kubwa namna hiyo, pasipo hadhara hiyo kuutawala mkono wake?

Nisije nikafahamiwa kwamba nailaumu simu. Kabla yake, mshonaji aliyekaa ndani kwa staha, ambaye dukani hakwenda na sokoni hakuketi, alimkabidhi mchuuzi kofia yake, naye akamkabidhi mwingine, na kila mkono ulioipokea ukakata fungu lake, hata ilipofika kichwani mwa mwenye kuivaa jina la aliyeishona lilikuwa limekwisha kupotea njiani, na ijara yake pamoja nalo. Leo mwanamke wa Wete aweza kuzungumza mwenyewe na mnunuzi wa Maskati, mji ambao wanaume wake huvaa kumma, kofia iliyo jamii moja na yetu kwa sababu ya mafungamano ya Oman na Unguja yaliyodumu tangu Wareno walipotolewa mwishoni mwa karne ya 17. Wakapatana juu ya kipimo cha kichwa, wakapatana juu ya nakshi, wakapatana juu ya thamani. Hiyo ni haki iliyochelewa, na mtu atakayemshauri fundi aiweke simu kando atakuwa amemshauri arudi katika unyonge.

Walakini picha ina upungufu ambao fundi hana budi kuujua kabla ya kuitegemea. Mnunuzi mjuzi akiletewa kofia mkononi huipindua kwanza atazame ndani, kwa kuwa ndani ndimo mnamoonekana fundo la uzi na unyofu wa mrudio wa sindano. Kisha huielekeza kwenye mwanga aone kama kila kiua kimefunguka kweli na kitapitisha hewa, jambo ambalo katika joto la pwani yetu si la urembo mtupu. Kisha huibonyeza ajue kama ugumu wake umetoka katika uzi au umetoka katika kanji tu, ambayo itakwenda na maji siku ya kwanza ya kufuliwa. Katika mambo hayo matatu hakuna hata moja linalopatikana katika picha ya kofia iliyokamilika, iliyowekwa juu ya kitambaa cheusi na kupigwa mwanga wa asubuhi. Kofia ya mashine, inayoletwa kwa wingi kutoka nchi za Asia na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya thamani ya ile ya mkono, ikiwekwa juu ya kitambaa hicho hicho na kupigwa mwanga huo huo, huonekana katika kioo cha simu kuwa sawa na mwenzake, na pengine huonekana nzuri zaidi, kwa maana mashine haichoki wala haipindi mstari.

Kwa hiyo fundi akishindana kwa uzuri wa picha peke yake ameingia katika uwanja ambao mashine itamshinda. Namshauri aonyeshe yale ambayo mashine haina: bafta ambayo mistari ya kalamu haijafutika bado, ukanda ulioshonwa nusu, upande wa ndani wa utosi, na tarehe ya siku alipoanza kando ya tarehe ya siku alipomaliza. Picha za namna hii hazina uzuri wa kusimamisha vidole elfu, nakiri, lakini zitawasimamisha kumi wanaojua wanachokitafuta, na mshonaji ambaye kwa mwaka hawezi kushona zaidi ya kofia tano au sita hana haja ya elfu.

Yupo atakayeniuliza kama basi nataka kila kitu kianikwe. La, sitaki, na hapa nahitilafiana na wale wanaowafundisha mafundi kwamba anayetaka kukumbukwa mitandaoni lazima aonyeshe kitu kila siku, hatua kwa hatua, tangu fikra ya kwanza. Kuna tofauti kubwa baina ya nakshi iliyokwisha kujulikana na nakshi inayotafutwa. Ile ya kwanza, ambayo fundi aliipokea kwa mamaye au kwa mwalimu wake, au ambayo yeye mwenyewe amekwisha kuishona mara nyingi, haidhuriki kwa kutazamwa. Taabu yake na ionyeshwe maridhawa, watu wajue kinachowapasa kulipia. Ile ya pili ni dhaifu bado. Mzunguko wa kofia una masharti yake: nakshi ya ukandani lazima igawanyike sawasawa, mwisho wake ukutane na mwanzo wake bila ya ua kukatwa katikati, na mtu anayebuni nakshi mpya aghalabu hushona, akafumua, akahesabu tena, akapunguza jani hapa na kuongeza tundu pale, mpaka duara likubali. Akiionyesha katika hali hiyo, mambo mawili yaweza kumpata, na yote ni mabaya. Watu wakiisifu mapema, ataona haya kuifumua, na kosa litabaki humo kwa sababu limesifiwa. Wakinyamaza, ataiacha, kumbe ilikuwa imebaki hatua moja tu kufika.

Faragha katika kazi ya mkono, basi, si uchoyo wala si woga. Ni sharti la ubunifu, na mafundi wa zamani waliipata bila ya kuitafuta, kwa kuwa ndani ya nyumba zao hapakuwa na macho ila ya jamaa na majirani, ambao waliijua kazi, wakasema neno lao kwa upole au kwa ukali, wakaenda zao. Fundi wa leo hana budi kuijenga faragha hiyo kwa makusudi. Nionavyo mimi, katika kila kofia kadhaa za kuagizwa iwepo moja isiyoagizwa na mtu wala kupigwa picha mpaka imetoka katika faroma, ambayo ndani yake fundi anajaribu asilolijua. Na isipofaa, abaki nayo.

Nasisitiza haya kwa sababu hadhara ina tabia ya kutaka tena kile ilichokwisha kukipenda. Tabia hiyo haikuletwa na intaneti. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba za mraba, na picha zake zikauzwa Oysterbay, mahali ambapo wageni wengi walipita. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi, akafa, akiwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Lakini soko la watalii lilikuwa limekwisha kuwaambia ni wanyama gani wanaonunuliwa, na picha iliyouzwa asubuhi ikachorwa tena jioni, kisha kesho yake, kisha na jirani, hata mgeni akipita mbele ya safu ya picha akashindwa kuitambua ya mkono huu na ya mkono ule. Wapo miongoni mwao waliotoka katika mkumbo huo wakaipeleka sanaa mbele, nao ni mafundi wa kuheshimiwa. Nataka kusema hivi tu: kama watalii wachache wanaopita kwa miguu waliweza kuwa na nguvu hiyo, nguvu ya maelfu wanaohesabiwa chini ya kila picha ni kubwa kupita kiasi.

Wala simaanishi kwamba kurudia ni kosa. Kofia ya viua yenyewe ni kazi ya kurudia. Mwanagenzi hujifunza kwa kushona nakshi ya mwalimu wake mpaka mkono uizoee, na nakshi nyingi tunazozienzi zimepita katika mikono ya vizazi, zikibadilika kidogo kila mkono ulipoziachia alama. Fundi anayerudia ili aijue nakshi zaidi hutoka akiwa mbele ya pale alipoingia. Anayerudia kwa sababu mnunuzi amemletea picha na kumwambia anaitaka kama ile ile, isipungue wala isizidi, hana nafasi ya kuongeza chochote. Akikubali mara moja, ni riziki, na riziki haina aibu. Akikubali mwaka mzima, sindano itakuwa yake lakini uamuzi utakuwa wa mwingine. Wachora hina wanaijua hali hii kuliko wote, kwa kuwa bibi harusi wa siku hizi aghalabu huja na simu mkononi, ndani yake mna mkono wa bibi harusi wa India au wa Sudani, naye huutaka ule. Wasuka mikeka wameipata kwa upande wa rangi: ukindu uliotiwa weusi wa mizizi ya mdaa ni mzuri kwa jicho lililoketi nao chumbani, lakini kamera huipenda zaidi rangi ya unga wa dukani, nayo hupendwa zaidi na wanaotazama kamera.

Liko jambo ambalo naliona kuwa zito kupita yote niliyoyataja. Picha moja ikipendwa sana, maagizo huja mengi kuliko uwezo wa mkono, hasa katika miezi inayotangulia Idi na katika misimu ya harusi, na fundi aliyekwisha kukubali fedha ya watu ishirini kwa kazi ya watu watatu atajikuta njia panda. Wengine huwagawia wanagenzi ambao hawajaiva, na kuziuza kazi zao kwa jina la bingwa. Wengine, Mungu awaepushe, hununua za mashine wakaziita za mkono. Hapo ndipo amana inapovunjika, na haimwumizi mwenye kuivunja peke yake, kwa kuwa mnunuzi aliyedanganywa na mmoja huacha kuwaamini wote, na mwanamke wa kijiji cha mbali ambaye hajamdanganya mtu hulipa deni asilolikopa. Maneno ya kusema kwamba mwaka huu nafasi zimejaa ni machungu kwa mtu mwenye haja, lakini ndiyo yanayoilinda kazi, na sijaona sababu ya kuyaficha: na yaandikwe hadharani, pamoja na thamani ya kofia na idadi ya miezi ya kusubiri, badala ya desturi ya kumwita kila aulizaye bei aje pembeni.

Kuhusu kuibiwa nakshi, ambako mafundi wengi hukulalamikia kwa haki, sheria zipo ila zatembea polepole. Mwaka 2010 nchi wanachama wa ARIPO, shirika la miliki ubunifu la Afrika lenye makao yake Harare, zilipatana mjini Swakopmund, Namibia, juu ya itifaki ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Ni hatua njema, lakini haitamfikia kesho mwenye kiwanda cha mbali aliyeinakili picha. Kinachomfaa fundi leo ni shahada yake mwenyewe: picha za kazi ikiwa katika hatua zake, zenye tarehe, alizoziweka bila ya kuzitangaza mpaka kazi ikatoka, na alama yake ndogo aliyoishona ndani ya ukanda. Zaidi ya hapo, mtu akiiba nakshi ya mwaka jana, fundi aliyeitunza ile faragha niliyoitaja atakuwa amekwisha kupata ya mwaka huu.

Mnunuzi naye ana fungu lake katika haya. Asiulize tu kama kofia ni ya mkono. Aombe picha ya upande wa ndani, aulize imeshonwa na nani na kwa muda gani, na akiambiwa thamani inayolingana na miezi mitatu ya macho na vidole vya mtu, asiitajie ya mashine mbele yake. Asimwambie aifanye kama ile ya pichani. Amwambie kipimo cha kichwa na siku ya kuivaa, mengine amwachie. Na anayetaka kofia ya kuvaa sala ya Idi, Mfunguo Mosi, ailipie arubuni mwezi wa Rajabu, kabla ya wengine kukumbuka.