Kanda za Magendo ni Amana, Si Mtaji

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti ya mwanamuziki aliye jukwaani ni mali ya namna hiyo: hutoka mara moja, husikiwa na waliohudhuria, kisha hutoweka, isipokuwa awepo mtu mwenye kinasa sauti. Huko Marekani na Uingereza, mara nyingi mtu huyo hakuwa mwajiriwa wa kampuni ya santuri, bali shabiki aliyeficha chombo chake ndani ya koti. Leo, wakongwe wa ule muziki uliounganisha nyimbo za kienyeji na roki wanapozidi kupungua, hatuna budi kuuliza: je, shabiki huyo alikuwa mwizi au mlinzi?

Magendo yenyewe yana historia ndefu. Mnamo mwaka 1969, mjini Los Angeles, zilianza kuuzwa santuri mbili ndani ya jalada jeupe lisilo na picha wala jina la kampuni. Santuri hizo, zilizopewa jina la Great White Wonder, zilikuwa na sauti ya Bob Dylan, zikiwamo nyimbo alizorekodi faraghani mwaka 1967. Mwenyewe hakuwa ametoa idhini. Faida iliwaendea watu ambao hawakutunga hata ubeti mmoja. Hapo twasema bila kusita kwamba huo ulikuwa wizi.

Lakini si kila habari ni nyepesi kiasi hicho. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, Dylan aliweka chini gita lake la kawaida, akashika la umeme na kupiga pamoja na bendi. Baadhi ya watazamaji walighadhibika, hata mmoja wao akapaza sauti kumwita Yuda. Kampuni yake ililirekodi onyesho hilo, kisha ikalifungia kabatini. Nakala zilitoroka, na kwa miaka mingi ulimwengu ulilisikia kwa njia ya magendo tu, tena chini ya jina la uongo, kwamba lilifanyika Royal Albert Hall mjini London. Kampuni ililitoa rasmi mwaka 1998, yaani miaka 32 baadaye, na hata hapo ikalazimika kuliacha lile jina la makosa juu ya jalada, kwa kuwa ndilo lililokwisha kuzoeleka. Twajifunza mawili: magendo yaliokoa kumbukumbu kubwa, na magendo hayo hayo yaliipotosha.

Kundi la Grateful Dead la California lilichagua njia nyingine. Halikuwafukuza wenye vinasa sauti. Mwaka 1984 liliwatengea hata mahali pao maalumu ukumbini. Sharti lilikuwa moja: badilishaneni, msiuze. Basi mashabiki wakawa wakipelekeana kaseti kwa posta, anayeomba akituma kaseti tupu pamoja na gharama ya stempu. Kila mtu alijua kwamba nakala ya nakala huongeza mvumo, kwa hiyo waliandika kwa uangalifu tarehe, ukumbi, na kanda hiyo ni kizazi cha ngapi tangu ile ya asili. Kundi hilo lilipiga maonyesho zaidi ya 2,000 kabla ya kifo cha Jerry Garcia mwaka 1995, na sehemu kubwa yangali yanasikika hadi leo kwa sababu ya uaminifu huo.

Hata kanda za fundi wao, Betty Cantor-Jackson, nusura zipotee. Ghala zilimohifadhiwa lilikuwa halijalipiwa, na mwaka 1986 zikapigwa mnada. Nakala zake zilienea miongoni mwa wakusanyaji, likiwamo onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Chuo Kikuu cha Cornell. Onyesho hilo liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya rekodi za mwaka 2011 inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, miaka sita kabla halijatolewa rasmi mwaka 2017. Taifa lililitambua kuwa hazina kabla ya soko.

Hata hivyo, haki ya msanii si jambo la kubezwa. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulitambua kwamba mwanamuziki aweza kukataa onyesho lake lisinaswe bila ridhaa yake, na Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1994. Tena yapo ya kibinadamu. Msanii huwa na usiku wa sauti iliyokauka, au wimbo ambao hajaumaliza. Nani kati yetu angependa kila neno lake litunzwe milele?

Wala makampuni hayajaonyesha mfano mwema daima. Mwaka 2012, ili kuwahi haki zisiishe kwa mujibu wa sheria ya Ulaya, rekodi za Dylan za mwaka 1962 zilitolewa kwa nakala zipatazo 100 tu. Huko ni kulinda hati ya mali huku wenye kiu wakinyimwa maji.

Wakati hausubiri mabishano haya yaishe. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu na kuganda. Nyingine haziwezi kuchezwa mpaka zipashwe joto la takriban digrii 54 za Sentigredi kwa saa kadhaa, na hata hapo husikika kwa muda mfupi tu. Wakusanyaji nao wamezeeka, na warithi wao wasiojua thamani ya makasha hayo wanaweza kuyatupa jalalani.

Maoni yetu ni haya. Mkusanyaji ni mwekwa amana. Yampasa aandike tarehe na mahali pasipo uongo, asitoze hata senti moja, na amrudishie msanii au maktaba nakala iliyo bora. Kampuni nayo isiyotaka magendo na ifungue makabati yake. Aliyehifadhi anastahili shukrani. Lakini shukrani si hati ya kumiliki.