Ukatili wa Nyumbani: Amri ya Ulinzi Ni Nini, na Nani wa Kukusaidia Kuipata

Katika ploti nyingi za Eastlands, nyumba na nyumba hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Mtu akipigwa usiku, majirani husikia. Asubuhi aliyepigwa hupewa ushauri wa aina mbili: vumilia kwa ajili ya watoto, au funga virago urudi kwenu. Ni wachache wanaomwambia kwamba anaweza kuiomba mahakama imzuie anayempiga, naye akabaki na watoto wake wakiendelea na shule.

Ombi hilo huzaa amri ya ulinzi. Imewekwa na Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, na haki yenyewe imo katika Kifungu cha 29 cha Katiba, kinachomlinda kila mtu dhidi ya ukatili, uwe unatoka serikalini au kwa mtu binafsi. Tatizo hili si la nyumba moja au mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15. Wanaume pia hudhulumiwa, na sheria inawalinda vilevile.

Si lazima damu imwagike

Wengi hudhani korti haiwezi kuwasikiliza mpaka wavunjike mkono. Sivyo. Sheria ya 2015 inataja pia vitisho, matusi ya kudhalilisha, kufuatwafuatwa, kuharibiwa mali, kulazimishwa tendo la ndoa, na kunyimwa pesa au mahitaji ili mtu atawaliwe. Hata wakwe wanaoingilia ndoa kwa dhuluma wametajwa.

Wala si lazima muwe na cheti cha ndoa. Sheria inawagusa walioachana, wachumba, wanaoishi nyumba moja, na watu wa familia. Mzee anayepigwa na kijana wake huko Jericho anaweza kuomba ulinzi, sawa na mke wa ndoa wa Umoja. Pia kuomba amri si kuomba talaka, na si lazima kesi ya jinai iwe imeanza.

Msaidizi wa kisheria hufanya kazi gani?

Tuchukue mfano wa mama wa watoto wawili anayeishi Kayole. Ameamua kutafuta ulinzi, lakini hana pesa za wakili na hajawahi kuingia kortini. Mtu wa kwanza kumsaidia mara nyingi ni msaidizi wa kisheria wa mtaani. Huyu ni mtu aliyefunzwa sheria za msingi, na kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Yeye si wakili na hasimami mbele ya hakimu kukutetea, lakini anaijua njia.

Kwanza, atakuuliza kama uko salama usiku wa leo. Kama hapana, atakusaidia kutafuta makao ya muda kabla ya kuzungumzia karatasi.

Pili, atakuhimiza kwenda hospitali. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki huwahudumia waathiriwa wa ukatili. Aliyebakwa anapaswa kufika ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge wala kufua nguo alizovaa, na nguo hizo azibebe kwa mfuko wa karatasi.

Tatu, atakusindikiza kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia. Hakikisha ripoti imeandikwa kwenye OB na umepewa nambari yake. Chukua fomu ya P3 ijazwe na daktari. Polisi wana wajibu wa kukueleza kuhusu matibabu na makao salama, na unaweza kuomba kuandikisha taarifa mbele ya afisa wa jinsia yako. Ukiambiwa "nendeni mkaelewane nyumbani", msaidizi ndiye wa kusema kwa heshima kwamba umekuja kuripoti kosa na ripoti lazima iandikwe.

Nne, atakusaidia kupanga maelezo yako. Hakimu anataka kujua nini kilitokea, lini, wapi na nani aliona. Picha za majeraha, jumbe za simu na kadi za hospitali ni ushahidi. Usizifute.

Kortini

Ombi hupelekwa kwa hakimu, kwa mfano katika Mahakama ya Makadara, likiambatana na hati ya kiapo. Hapa ndipo wakili wa msaada wa kisheria huingia: huandaa ombi, au hukufunza jinsi ya kujiwakilisha mwenyewe.

Hatari ikiwa ya karibu, mahakama inaweza kutoa amri ya muda kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa. Baadaye naye hupewa nafasi ya kujitetea, kisha hakimu huamua kuhusu amri kamili.

Swali ambalo wasaidizi huulizwa sana ni hili: "Nyumba imeandikwa jina lake, na yeye ndiye hulipa kodi. Nitaenda wapi?" Sheria imelijibu waziwazi. Mahakama inaweza kumwondoa mdhulumu na kukuachia makao, hata kama nyumba ni yake au ndiye aliyeikodisha. Inaweza pia kumkataza kukupiga, kukutisha au kuharibu vitu vyako. Na kama ulitoroka bila kitu, inaweza kuamuru uruhusiwe kuingia kuchukua vitu vyako ukiwa na afisa.

Baada ya kupata amri

Amri ni karatasi, na karatasi haizuii ngumi peke yake. Ni lazima mlalamikiwa aipokee, ili asije akasema hakujua. Peleka nakala kituo cha polisi kilicho karibu, weka nyingine kwa mtu unayemwamini, na piga picha ya amri uwe nayo kwenye simu. Mweleze mwalimu wa watoto na mlinzi wa ploti.

Akiivunja, ripoti siku hiyo hiyo. Kuvunja amri ya ulinzi ni kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Usikubali kikao cha wazee kichukue nafasi ya ripoti hiyo. Wazee wanaweza kupatanisha watu kuhusu kodi au shamba, lakini hawawezi kuondoa amri ya korti.

Huenda ukarudi kwake kabla ya kesi kuisha. Hutokea, kwa sababu ya njaa, watoto au woga. Msaidizi mzuri hatakugombeza, na unaweza kumwendea tena.

Pa kupata msaada

FIDA-Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1985, hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wanawake wasiojiweza. Kituo Cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, huwahudumia maskini wa jinsia zote. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ni ya serikali. Mitaani kuna vituo vya haki za jamii, vikiwemo vya Mathare, Dandora na Kayole.

Piga 1195 bila malipo kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa watoto, na 999 au 112 kwa polisi.

Nawe jirani unayesikia kupitia ukuta, sheria inakuruhusu kuripoti unaposhuku ukatili, na ukiripoti kwa nia njema huwezi kushtakiwa kwa hilo. Piga simu.