Pole, Komera, Ihangane: Tumaini Lisiloegemea Imani katika Kiswahili na Kirundi cha Gitega

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wazungumzaji wa Kiswahili na Kirundi wanavyotiana moyo wakati wa msiba na dhiki pasipo kutegemea imani ya dini. Hoja yake ni kwamba lugha hizi mbili zina hazina ya faraja inayomwelekea mtu na jirani yake, na kwamba nguvu ya hazina hiyo imo zaidi katika kauli ya kutendana kuliko katika amri ya kujikaza.

1.0 Utangulizi

Mfiwa wa Magarama, mtaa wa mji wa Gitega, huweza kupokea maneno ya faraja kwa lugha mbili au tatu kabla jua la siku ya kwanza halijatua. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili kimefika kwa njia ya soko na barabara, na pia kwa njia ya watu waliorudi kutoka Tanzania: wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengine wa miaka ya karibuni walioishi katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Huko Muyinga, ukaribu na mpaka wa Tanzania umekipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo Kiswahili cha Burundi, pamoja na kuwa lugha ya biashara, ni lugha ya watu waliopita katika dhiki na kuisimulia.

Faraja nyingi katika lugha hizi humtaja Mungu. Mswahili husema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mrundi humtaja Imana katika salamu, katika methali na hata katika majina ya watoto: Hakizimana, yaani Mungu ndiye aokoaye, Bigirimana, yaani Mungu ndiye mwenye mambo. Zaidi ya hayo, neno Umuswahili katika Kirundi humaanisha mara nyingi Mwislamu, kiasi kwamba Kiswahili chenyewe kimehesabiwa na wengi kuwa lugha ya dini moja. Mtafiti akiuliza, basi, ni maneno gani anayoambiwa mfiwa asiyeamini, au aliyeamini zamani na imani hiyo ikamtoka, swali lake huweza kuonekana la ajabu.

Si la ajabu. Wachache husema hadharani kwamba hawaamini, kwa kuwa kanisa na msikiti ni zaidi ya mahali pa ibada. Humo mna shule, zahanati na ujirani. Lakini historia ya nchi imewapa watu sababu za kuuliza. Mauaji ya mwaka 1972, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 na umwagaji damu uliofuata, vita ambavyo Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 haukuvizima papo hapo, kisha msukosuko wa mwaka 2015: katika kila kipindi kuna walioshika imani kwa nguvu zaidi, na kuna walioiacha kimyakimya. Hao wa pili nao hufiwa, hufukuzwa mashambani, huugua, na huhitaji kuambiwa neno.

2.0 Faraja inayomficha mtendaji

Kauli kwamba kazi ya Mungu haina makosa inafaa kwa mzee aliyekufa usingizini akiwa amezungukwa na wajukuu. Kwa mtu aliyeuawa na watu wanaojulikana kwa majina, kauli hiyo inafanya jambo zito zaidi ya kufariji: inambadilisha mtendaji. Tendo lililofanywa na mikono ya binadamu linahamishiwa mbinguni, na aliyelitenda anatoka nje ya sentensi. Msikilizaji mwenye imani huweza kuvumilia uhamisho huo kwa sababu anatarajia hukumu ya baadaye. Asiyekuwa na matarajio hayo hubaki na sentensi isiyo na mkosaji.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kumwondoa Mungu katika maneno kunatosha kumrudisha binadamu. Warundi wengi huyaita mauaji ya mwaka 1972 Ikiza. Neno hilo halina dini yoyote ndani yake. Ni nomino ya maafa makubwa, ya aina ile inayoweza kutumika kwa tauni. Nalo halina mtendaji. Wenye kulitumia walikuwa na sababu zao, mojawapo ikiwa hofu, kwa kuwa kwa miaka mingi kuyataja mambo hayo waziwazi kulikuwa hatari. Nalitaja hapa ili kuweka kipimo kimoja kitakachotumika katika makala yote: faraja isiyo ya kidini ina thamani ikiwa inaacha waonekane watu, yaani aliyetenda, aliyetendewa, na atakayesaidia.

3.0 Kupoza

Neno la kwanza la Kiswahili mlangoni pa mfiwa ni pole. Wazungumzaji hulitumia kwa mambo madogo na makubwa, kwa aliyejikwaa na kwa aliyefiwa na mzazi, hata uzito wake husahaulika. Jibu la kale linaukumbusha: nimeshapoa, au kwa wengi, tumeshapoa. Huzuni inachukuliwa kama joto, na pole ni kupoza. Mwenye joto haulizwi anaamini nini.

Kirundi kina kitenzi guhoza, yaani kumtuliza mtu anayelia, awe mtoto au mfiwa. Sauti p ya Kiswahili hulingana mara nyingi na h ya Kirundi, kama ilivyo katika kupa na guha, hivyo kupoza na guhoza ni ndugu kwa umbo na kwa maana. Faraja ya kupoza, basi, haikuletwa na kitabu chochote kitakatifu. Ilikuwapo katika mzizi wa Kibantu, na dini zilipokuja ziliikuta.

Msamiati wenye asili ya Kiarabu nao hauna budi kutazamwa, maana ndio hasa unaodhaniwa kufungamana na dini. Kwa subira dhana hiyo ina ukweli. Neno hilo limebeba mafundisho mengi. Lakini kustahimili linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba mzigo, na kutumaini linatokana na kitenzi chenye maana ya kutulia. Mtu anaweza kubeba na kutulia bila kukiri lolote. Asili ya neno haimfungi anayelitumia leo.

4.0 Kujikaza na kutiana moyo

Baada ya pole huja amri. Kiswahili kinasema jikaze, jipe moyo, piga moyo konde. Kirundi kinasema komera, yaani uwe imara, na ihangane, ambayo kwa wengi huambiwa mwihangane. Katika amri nyingi za namna hii tunakuta kiambishi cha kujirejelea: ji- katika Kiswahili na -i- katika Kirundi. Mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Hakuna wa juu anayeombwa. Mfiwa anaelekezwa kwenye nguvu zake mwenyewe.

Ni rahisi kulisifu jambo hili kama ushahidi wa ushujaa wa binadamu, na wapo wanaolisifu hivyo. Mimi nasita. Aliyepoteza nyumba, ng'ombe na mume katika juma moja, akaambiwa ajikaze, kisha msemaji akaondoka, amepewa kazi ambayo hana vifaa vya kuifanya. Amri hiyo humnyamazisha vilevile. Ukali wake huonekana zaidi ikisemwa kwa kijana wa kiume, kwa kuwa chozi lake huhesabiwa aibu.

Fasihi ya Kiswahili imewahi kutuonyesha mwisho wa njia hiyo. Katika riwaya ya Kichwamaji iliyotoka mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alimchora Kazimoto, kijana msomi anayehoji maana ya maisha bila kupata jibu katika dini, katika mila wala katika elimu yake, na ambaye mwishowe anajiua. Wahakiki wengi wamejadili falsafa ya riwaya hiyo. Kwa upande wa lugha, ninaloliona ni kwamba msiba wa Kazimoto hauko katika kukosa imani peke yake. Mawazo yake yote yanarudi kwake. Anajiuliza, anajihukumu, anajichukia. Vitenzi vyake havipati mtu wa pili.

Ndiyo maana kitenzi kwihangana kinastahili kutazamwa kwa makini. Ukikigawa unapata kw-i-hang-an-a. Mwanzoni kuna -i- ya kujirejelea, na karibu na mwisho kuna -an-, alama ya kutendana. Bila -i- tunapata guhangana, yaani kukabiliana uso kwa uso. Umbo la neno, bila kudai kwamba kila msemaji hulifikiria, limekusanya mambo mawili ambayo Kiswahili huyaweka mbalimbali: kujikabili mwenyewe, na kuwapo kwa mwingine. Kiswahili hulipa deni hilo kwa vitenzi vingine: kufarijiana, kusaidiana, kushikamana, kutiana moyo.

Kutendana huko kuna mahali pake nje ya sarufi. Mashambani kuna ikibiri, kazi ya pamoja ya kulima kwa zamu, ambapo shamba la mgonjwa au la mjane haliachwi likaota magugu. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, vingi vikiwa vya wanawake, limeenea jina nawe nuze, yaani nawe uje. Jina lenyewe ni mwaliko uliogeuzwa nomino. Sikio la Mrundi husikia pia ukaribu wa kwizigama, kuweka akiba, na kwizigira, kutumaini. Ukaribu wa sauti si ushahidi wa mzizi mmoja, nami sitaujengea hoja. Lakini mwanamke anayeweka akiba kila wiki pamoja na majirani, baadhi yao wakiwa wa kabila ambalo miaka thelathini iliyopita aliliogopa, haoni vigumu kuelewa kwa nini maneno hayo mawili yanafanana.

5.0 Siku ya kuanua

Tumaini la kidini lina ahadi ya mbele. Swali la haki ni kama tumaini lisilo na ahadi hiyo lina wakati wowote wa kuelekea. Mila za msiba zinajibu kwamba linao, na kwamba wakati huo hupangwa na watu. Warundi wana guca ku mazi, siku chache baada ya mazishi, kisha kuganduka, inayofika baada ya miezi au mwaka, ambapo msiba huondolewa rasmi. Waswahili hukaa matanga, kisha huyaanua. Kitenzi hiki kuanua ndicho kitumikacho kwa nguo au nafaka iliyoanikwa juani: kilichotandazwa nje hukusanywa na kurudishwa ndani. Hakitupwi.

Siku hizi shughuli hizo huambatana na misa au dua. Ukiziondoa kwa fikra, bado yanabaki mengi: watu kukaa pamoja, mchango, hesabu ya madeni ya marehemu, tangazo la nani atawalea watoto. Asiyeamini aliyeketi hapo hanyimwi kitu kati ya hivyo. Anajua tarehe ambayo atarudi kuwa mtu wa kawaida machoni pa mtaa, na anajua majina ya walioahidi.

6.0 Darasani

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nguvu zaidi shuleni, na barua ya rambirambi ni zoezi linalofahamika katika ufundishaji wa insha. Mfano unaotolewa karibu kila mara hufunga kwa kumwomba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Kwa mwandishi na mpokeaji wanaoamini, haufai kubadilishwa. Kwa wengine, mwalimu anaweza kuanza na neno rambirambi lenyewe, ambalo ni maneno ya pole na papo hapo ni fedha au kitu kinachopelekwa msibani. Mwanafunzi afundishwe kuandika pole, kumtaja marehemu kwa jambo alilolitenda, na kufunga barua kwa sentensi yenye kitenzi cha wakati ujao na siku ndani yake: nitakuja Jumamosi, nitaleta mbegu za maharage, tutapanda pamoja.